Aliyeitwa Kutoka Merikebu ya Kichina

Nimewatunza wazee majumbani kwa miaka minane sasa, katika miji hii miwili iliyogawanywa na mto mmoja, na bado siku ya kwanza katika nyumba mpya hunitia hofu. Unaegesha gari mbele ya mlango usioujua, unagonga, na nyuma ya mlango huo yuko mtu ambaye baada ya nusu saa utakuwa unamvua nguo umwoshe. Hakuna mzee anayelitaka jambo hilo. Wengine hutukana, wengine hujifanya wamelala. Ndiyo maana kila mmoja wetu katika kazi hii ana ndoano yake. Mwenzangu mmoja, mama wa Kisii, huanza kuimba nyimbo za kanisani hadi mzee achoke kukataa. Mimi hutazama ukutani. Nikiona picha ya farasi, nasema babu yangu alifuga farasi. Nikiona samaki aliyekaushwa, nasema kwetu ni wavuvi. Si uongo mkubwa. Ni wa kumfikisha mtu bafuni.

Nyumba hiyo ilikuwa Champlin, mtaa wa nyumba zilizotulia kando ya mto Mississippi, na ilikuwa Desemba. Nilikuwa naishi Richfield, chumba cha kupanga, sanduku langu likiwa bado halijafunguliwa lote tangu nilipohamia. Hiyo ndiyo tabia yangu. Nimetoka kisiwa cha Pate nikiwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne, nikakaa Mombasa, Maskati, Nairobi, kisha huku, na kote huko sijawahi kupigilia msumari ukutani.

Aliyefungua alikuwa binti wa mzee, mwanamke wa rika langu, mfamasia, amevaa koti tayari kwenda kazini. Baba yake alikuwa Mchina mwembamba katika kiti cha magurudumu, moyo wake umechoka, miguu imevimba. Aliponiona alisema kitu kwa lugha yao, na binti akaona haya.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema leo haogi."

"Mwambie hata mimi sipendi kuosha watu asubuhi."

Akamwambia. Mzee hakucheka. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikatazama ukutani. Ukuta ulikuwa mtupu, lakini juu ya meza ya chakula palikuwa na merikebu.

Ilijaza meza nzima, meza ya watu wanane. Milingoti mitano, matanga ya mkeka yaliyokazwa kwa vijiti, tezi ya nyuma iliyoinuka kama ghorofa, usukani mpana kama mlango. Sitaha ilikuwa haijawekwa, kwa hiyo ulikuwa unaona tumbo lake lote. Mzee alikuwa seremala wa merikebu ujanani mwake, katika mji wa pwani huko kwao, na alikuwa anajenga kwa mbao za mabaki na vijiti vya kulia chakula ile aina ya merikebu waliyokuwa nayo mababu zao karne nyingi nyuma, zile kubwa zilizovuka bahari zikafika hadi kwetu. Nikasikia harufu ya chokaa iliyokandwa na mafuta. Baba yangu alikuwa kalafati, fundi wa kuziba nyufa za vyombo. Harufu ya deheni hiyo naijua hata nikiwa usingizini. Nikasahau kwamba niko kazini.

"Merikebu kama hii ilivunjika kwetu," nikasema. "Iligonga mwamba. Mabaharia walionusurika wakaoa kwetu. Mimi ni mjukuu wao."

Binti alitafsiri. Mzee alinikazia macho kwa muda mrefu, kwenye nywele, kwenye macho, kwenye mikono. Kisha akanyoosha mikono yake yote miwili, kama mtoto anayetaka kubebwa, nikampeleka bafuni.

Merikebu ilivunjika kweli, au ndivyo tulivyohadithiwa. Mtu yeyote wa kisiwani kwetu anaijua hadithi hiyo. Lakini wajukuu si sisi. Ni watu wa nyumba ya pili kutoka kwetu, wenye bakuli la kaure la buluu lililojengewa ukutani juu ya mlango wao. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunawafuata njiani tukiwazomea: "Mchina, chatu wako yuko wapi?" Ilisemwa mababu zao walipewa ruhusa ya kukaa baada ya kumuua chatu aliyekuwa akisumbua mji. Mimi nilikuwa mmoja wa waliozomea kwa sauti kubwa zaidi.

Nilidhani uongo ule utaishia bafuni kama wenzake. Haukuishia.

Wiki ya pili mzee alianza kunifundisha merikebu. Tulizungumza kwa Kiingereza, changu cha shule na chake cha televisheni, na kilipokwama tulitumia mikono. Alinionyesha jinsi tumbo la chombo lilivyokatwa kwa viambaza vya mbao, kutoka ubavu hadi ubavu, kikawa vyumba vingi vilivyofungwa. Chumba kimoja kikitoboka na kujaa maji, vingine vinaishi, na chombo hakizami. Alisema hivi sasa dunia nzima inajenga hivyo, hata zile meli za chuma zinazobeba madini katika ziwa kubwa la kaskazini, na wenye meli hizo hawajui walijifunza kwa nani.

Chini kabisa ya kila kiambaza palikuwa na tundu dogo.

"Tundu la nini," nikauliza, "kama ukuta ni wa kuzuia maji?"

"Maji madogo yapite, yakusanyike, yatolewe. Ni ya kila siku." Akachukua kizibo cha mti, kidogo kama jino, akakiingiza kwenye tundu kwa kidole gumba. "Siku mbaya, unaziba."

"Nani anashuka kuziba?"

"Seremala."

"Na kama kuna mtu upande wa pili?"

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Upande wa pili kuna maji."

Siku hiyo ndipo alipomwomba binti yake alete kitabu. Kilikuwa kitabu cha ukoo, kimefungwa kwa kitambaa, majina ya wanaume tu yakishuka ukurasa baada ya ukurasa. Mzee akaweka kidole kwenye jina moja. Wengine wote walikuwa na maandishi chini ya majina yao: kaburi liko wapi, wana ni nani. Huyu alikuwa na mstari mfupi na chini yake pamebaki weupe.

Binti akanisomea. "Seremala. Alikwenda na merikebu. Hapana kaburi."

Kisha mzee alisema maneno mengi, na binti akaanza kutafsiri huku akiangalia meza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Alisema huyo ni wa ukoo wao. Aliyekufa majini bila kaburi hapumziki. Ana njaa na baridi, na hajui njia ya nyumbani. Ni lazima aitwe. Huitwa kando ya maji, majira ya kuchipua, siku ambazo wao husafisha makaburi, na anayemwita ni mtoto aliyetoka kwake. Baba yake amehangaika nalo maisha yake yote kwa sababu hakujua kama seremala yule aliacha mtoto popote. Sasa anaamini ameacha.

"Anataka wewe umwite," binti akasema. "Barafu ya mto ikivunjika. Maji yote ni maji mamoja, anasema."

Ningeweza kusema hapo hapo. Nilicheka kidogo, nikasema tutaona, nikaenda kupasha supu.

Majira ya baridi huku ni marefu, na hofu hukua vizuri ndani ya nyumba zilizofungwa. Kila siku nilipokuwa nampaka mafuta miguuni, mzee alinifundisha maneno ya kuita, maneno matano ya lahaja yao, nami niliyarudia bila kujua yamaanisha nini. Alikuwa mwalimu mkali. Nikikosea alinigonga kichwani kwa kijiko cha plastiki.

"Mjukuu wa seremala ana ulimi wa ng'ombe," akasema.

"Mwenye ulimi huo ndiye mpishi wako," nikamjibu. "Leo unakula kilichoungua."

Akacheka hadi akakohoa. Nilianza kumpenda, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Uongo kwa mtu usiyempenda ni mwepesi.

Mwishoni mwa Februari nilimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, inakuwaje kama anayeita si damu ya anayeitwa.

Aliacha kutafuna. "Usimwite kabisa."

"Kwa nini?"

"Waliokufa majini ni wengi." Akaonyesha dirisha, kule mtoni, kulikokuwa kweupe na kukavu kama sahani. "Wote wana baridi. Ukiita kwa sauti yenye damu, anakuja wako. Ukiita kwa sauti ya mgeni, atakuja aliye karibu. Humjui. Na akishaingia ndani hatoki."

Mimi ni mtoto wa pwani. Nimelelewa kwenye mji ambao watu hawapigi mbinja baharini, na nimeona mtu mzima akirudisha nyuma mguu wake uliokwisha kugusa maji kwa sababu tu ameitwa jina na asiyeonekana. Mtu akiniambia majini wako wengi sihitaji ushahidi. Tangu siku hiyo sikuwa napita daraja bila kuhakikisha dirisha la gari limefungwa. Moyo wa mzee ulikuwa unazidi kudhoofika. Daktari alimwambia binti asitegemee mzee kufika kiangazi. Nikawa natazama barafu kila asubuhi. Ilikuwa nyeupe, kisha kijivu, kisha ikaanza kutoa sauti.

Nilimpigia mama simu Pate, kule ikiwa jioni na huku mchana, nikiwa ndani ya gari kwenye egesho la duka. Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Wewe mwana una wazimu," akasema mwishowe. "Umeenda kujipa ukoo wa watu wa nyumba ya pili? Uliokuwa ukiwazomea?"

"Nimekosa, mama."

"Umekosa kwa kusema ni mjukuu wao. Mjukuu si wewe." Nikamsikia akivuta kiti. "Lakini hujui kwamba umenyonya pale?"

"Nimenyonya wapi?"

"Pale penye bakuli. Nilipokuzaa niliugua, maziwa yakakauka. Yule mama alikuwa na mtoto mchanga. Alikunyonyesha miezi saba, wewe huku na bintiye huku. Hukuona kwamba ulipotaka kumtazama yule binti, shangazi zako walikuja mbio kukukataza? Ulidhani ni kwa sababu ya uzuri wako?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikaa lini ukaambiwa? Ziwa ni ziwa, mwanangu. Kama huwezi kuoa kwao, basi wewe ni wao. Lakini kwa Wachina sijui. Muulize mwenyewe. Na usimwite mtu wa majini kwa uongo. Utatuletea nini?"

Kesho yake nilimwambia mzee. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, si kwa unyenyekevu bali kwa sababu nilikuwa namvalisha soksi, na nikaona nikisimama sitasema. Nilimwambia kwanza kwamba nilidanganya. Kwamba siku ile nilitaka tu akubali kuoga. Kisha nikamwambia habari ya nyumba yenye bakuli, na ya maziwa.

Hakunielewa mara moja. Nililazimika kuonyesha kwa mikono, mtoto kifuani. Aliporudia neno lile, maziwa, alilisema kama mtu anayetema mbegu.

"Maziwa hayaandikwi kitabuni," akasema.

"Najua."

"Miezi mingapi?"

"Saba."

Akageuza uso wake ukutani. Sikuambiwa niondoke na sikuambiwa nibaki. Siku tatu nilimwosha na kumlisha kama linavyooshwa na kulishwa gogo. Hakuigusa merikebu. Binti hakuniuliza chochote, lakini asubuhi ya pili alisimama mlangoni na koti lake mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Ulikuwa umempa kitu kimoja tu alichokuwa anakingojea." Usiku nilifunga sanduku langu Richfield. Lilikuwa tayari nusu limefungwa, kwa hiyo haikuchukua muda.

Siku ya nne barafu ilivunjika. Nilipoegesha gari nilisikia kutoka barabarani, mapande yakigongana na kusagana, kama watu wengi wanaohamisha samani katika nyumba ya jirani. Mzee alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa koti, kofia na blanketi, bakuli la wali magotini na juu yake shati jeupe lililokunjwa. Binti yake alikuwa pembeni, amechelewa kazini makusudi.

"Anasema atamwita mwenyewe," binti akasema. "Yeye si mtoto wake, ni wa ukoo wa ndugu, lakini damu ni ile ile. Wewe umsukume tu."

Nilimsukuma. Kutoka mlangoni hadi mtoni ni mteremko mfupi, barabara moja ya kuvuka, kisha nyasi zilizolala chini ya theluji inayoyeyuka. Jua lilikuwa kali na halikuwa na joto. Mto ulikuwa umejaa hadi kwenye miti, mweusi, mapande ya barafu yakipita kwa kasi, mengine makubwa kama paa la gari. Niliweka breki za kiti, kisha nikakishika hata hivyo.

Mzee alikunjua shati akalishika juu kwa mikono miwili, kwa mabega, kama unavyolishika dukani kuona kama litamtosha mtu. Akaita.

Sauti haikutoka. Ilitoka pumzi tu. Akaita tena, na mara hii ilifika labda kwenye magurudumu. Pande la barafu liligonga mti, likapasuka, na sauti yake yote ikamezwa. Shati likashuka. Nikaona machozi yakimtoka, na sikuwahi kumwona akilia, hata siku za maumivu.

Akanigeukia. Kisha akasema, "Saba?"

"Saba," nikasema.

Akaniinulia shati.

Sijui niandikeje nilivyoogopa. Nilisoma moyoni kila dua niliyofundishwa chuoni na nikamwomba Mungu asinihesabie hili. Nikamwambia yule aliyekuwa mle majini, kwa lugha yangu kwanza, kimoyomoyo, kwamba sikuja kumdanganya. Kwamba mimi si damu yake, bali nimenyonya mlangoni kwa wanawe, na kama hilo halitoshi basi asije, na wengine wote wasije. Kisha nikainua shati na nikaita yale maneno matano kwa nguvu zangu zote, kama baba alivyokuwa akiwaita mafundi wenzake kutoka chini ya chombo. Mara tatu. Baada ya mara ya tatu mto ulinyamaza. Labda pengo tu lilikuwa limepita kati ya mapande. Lakini ulinyamaza, na upepo ukaingia ndani ya shati likajaa, kifua na mikono.

"Twende," mzee akasema upesi. "Usitazame nyuma. Kwenye kila kizingiti mwambie avuke."

Nilimpa shati, akalikumbatia. Nikageuza kiti na kuanza kupanda mteremko. Naapa kilikuwa kizito kuliko tulivyoshuka. Theluji ya maji, kupanda mlima, na mtu wa miaka arobaini na kitu aliyejaa hofu, sababu zipo. Nyuma yangu nilisikia maji yakidondoka, tone, tone, na miti yote ilikuwa inadondosha maji siku hiyo. Kwenye ukingo wa barabara mzee alisema neno, nikalirudia. Kwenye ukingo wa pili, tena. Shingo yangu iliniuma kwa hamu ya kugeuka. Maisha yangu yote nimeondoka mahali bila kugeuka na haikuwahi kunigharimu kitu.

Binti alikuwa ameshikilia mlango wazi. Tulipopanda ubao wa kupandishia kiti mlangoni nilisahau lile neno. Lilitoka kichwani kabisa. Mzee alikuwa amefumba macho, amechoka, uso wa kijivu, na mlango uko mbele yangu, na nyuma yangu kuna kitu au hakuna kitu. Kwetu mgeni ndiye huanza. Hupiga hodi, nawe ndipo unamkaribisha. Sikusikia hodi.

"Karibu," nikasema. "Ndani kuna joto."

Tukaingia. Mzee alionyesha merikebu kwa kidevu, binti akaliweka shati ndani ya tumbo la chombo, katika kile chumba kidogo mzee alichosema ni cha seremala, na bakuli la wali pembeni. Baba na binti walizungumza kwa sauti ya chini, na mzee akaomba kalamu na kitabu cha ukoo. Mlango ulikuwa bado wazi, baridi ikiingia. Niliufunga kwa mkono wa nyuma, taratibu, bila kugeuka.

Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nilichukua kitambaa nikapangusa maji sakafuni. Palikuwa na mistari miwili ya magurudumu, na katikati yake nyayo. Nilianza upande wa jikoni nikarudi hadi mlangoni, nikipangusa haraka, macho yangu nimeyaweka kwenye kitambaa, ili nisijue zilikuwa za watu wangapi.